Manukato ya Duka la Nguo

Manukato ya bei nafuu yanayouzwa na kampuni za mavazi hukaa dukani pamoja na mashati, viatu na mikoba, mara nyingi karibu na mahali pa kulipia, yakiwa na jina lile lile lililoshonwa kwenye lebo ya nguo. Mfano wake unaojulikana zaidi leo ni Zara, kampuni ya Hispania iliyofungua duka lake la kwanza katika mji wa A Coruña mwaka 1975, ambayo chupa zake nyingi za manukato huuzwa kwa chini ya euro 30. Kwa bei hiyo mtu hanunui chupa ya kufungia kabatini ikisubiri harusi na Idi. Ananunua ya kwenda nayo kazini Jumatatu na kujipulizia tena alasiri bila kuhesabu matone. Manukato ya namna hii hupuuzwa na wengi wanaojiona wajuzi wa harufu, na kupuuzwa huko si haki, kwa sababu harufu ya kila siku ndiyo ambayo watoto, wenzi na majirani humkumbuka mtu kwayo. Ile ya sherehe husikika mara chache mno kuweza kushikamana na jina la mtu.

Nguo na harufu zimekuwa pamoja tangu zamani. Katika mwambao wa Afrika Mashariki kanzu na kanga hufukizwa udi juu ya chetezo, na mwanamke anayetoka kwenda shughulini hahesabu kuwa amemaliza kuvaa kabla ya asumini na marashi. Jambo jipya lililozuka Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 20 lilikuwa la kibiashara: mbunifu wa mavazi kuuza harufu kutoka nyumba yake mwenyewe. Mwaka 1911 Paul Poiret, mbunifu wa Paris, alianzisha Les Parfums de Rosine, akaipa kampuni hiyo jina la binti yake. Gabrielle Chanel hakuficha jina lake. Mwaka 1921 alitoa No. 5, iliyotungwa na Ernest Beaux, mzaliwa wa Moscow, na tangu hapo ikawa wazi kwamba chupa inaweza kufika mahali ambapo gauni haliwezi kufika. Wanawake wengi walioinunua No. 5 katika miaka 100 iliyofuata hawakupata kamwe kugusa vazi la Chanel.

Hata hivyo, mtu aliyefungua njia ya manukato kwa watu wa kipato cha kawaida hakuwa mshonaji. François Coty, mzaliwa wa Corsica aliyefariki mwaka 1934, aliziweka kazi zake katika chupa za fahari, nyingine zikiwa zimebuniwa na René Lalique, lakini pia akauza harufu hizo hizo katika vichupa vidogo ambavyo mfanyakazi wa kawaida wa mjini angeweza kuvimudu. L'Origan ya 1905 na Chypre ya 1917 zilitoka mikononi mwake, na hiyo ya pili imelipa jina kundi zima la manukato yenye limau juu na kuvumwani chini. Coty hakupunguza ubora wa harufu ili kumfikia maskini wa mjini; alipunguza ujazo wa chupa. Kampuni za nguo za madukani zilikuja nyuma sana katika safari hii. Benetton ilitoa Colors mwaka 1987, Gap ikafuata katika miaka ya 1990 kwa harufu nyepesi kama Dream na Grass, na mwaka 2018 H&M ikaleta safu nzima ya manukato iliyotungwa kwa kushirikiana na Givaudan ya Uswisi.

Jina la Givaudan linafichua jambo ambalo mnunuzi wa kawaida haelezwi. Kampuni ya mavazi haipiki harufu yake yenyewe. Kwa miaka mingi manukato ya Zara yametengenezwa na Puig, kampuni ya familia iliyoanzishwa Barcelona mwaka 1914, ambayo chini ya mwavuli wake yamo pia majina ya bei ya juu kama Carolina Herrera, Rabanne na Jean Paul Gaultier. Na harufu yenyewe, yaani ule mchanganyiko mzito unaotiwa ndani ya alkoholi, katika biashara hii kwa kawaida hununuliwa kutoka kwa kampuni chache kubwa: Givaudan, DSM-Firmenich, IFF na Symrise. Watungaji walioajiriwa na kampuni hizo huandika fomula ya manukato ya euro 300 asubuhi na ya sabuni ya kufulia mchana. Kinachobadilika ni maelekezo ya mteja, na ndani ya maelekezo hayo mstari muhimu kuliko yote ni ule unaotaja bei ya kilo moja ya mchanganyiko.

Ndani ya chupa, sehemu kubwa ni alkoholi yenye maji kidogo. Katika aina nyepesi ya eau de toilette, mchanganyiko wa harufu huwa baina ya asilimia 5 na 15. Katika eau de parfum hufika asilimia 15 hadi 20, ingawa hakuna sheria inayomlazimisha mtengenezaji kufuata viwango hivyo. Ndiyo maana maneno yaliyo kwenye boksi hayatoshi kumwambia mnunuzi nguvu ya anachonunua. Tofauti kubwa zaidi iko katika vitu vilivyounda mchanganyiko huo, na hapo lazima itajwe kemia, kwa kuwa bila kemia manukato yangebaki mali ya matajiri.

Mwaka 1868 Mwingereza William Perkin alitengeneza kumarini katika maabara, ambayo ni harufu ya majani makavu yenye utamu wa mlozi. Mwaka 1874 Wajerumani wakatengeneza vanilini. Mwaka 1882 Paul Parquet wa nyumba ya Houbigant alitumia kumarini ya maabara katika Fougère Royale, na kuanzia hapo mtungaji hakufungwa tena na kile ambacho ua au gome linaweza kutoa. Baadaye zikaja molekuli ambazo mlaji wa leo anazijua kwa pua ingawa hajawahi kusikia majina yake: Hedione, yenye uwazi wa asumini iliyotiwa maji, iliyopata umaarufu katika Eau Sauvage ya 1966, Iso E Super, inayonukia ubao mkavu laini, Ambroxan, inayochukua nafasi ya ambari, na miski za maabara ambazo ndizo zilizoifundisha dunia kuwa nguo safi ina harufu fulani. Ethyl maltol, inayonukia sukari iliyoungua, ilitiwa kwa wingi katika Angel ya Thierry Mugler mwaka 1992. Mugler alikuwa mbunifu wa mavazi, na utamu ule, uliowashtua wengi ulipotoka, umekuwa leo lugha ya kawaida kabisa ya manukato ya duka la nguo. Sababu mojawapo ni ladha ya wakati. Nyingine ni hesabu: ethyl maltol ni ya bei ndogo, na kiasi kidogo tu chake husikika mbali.

Si kweli basi kwamba manukato ya bei nafuu ni ya maabara na yale ya bei kubwa ni ya maua. Yote mawili yana maabara, na yote mawili yanaweza kuwa na maua. Jambo hili linaonekana vizuri zaidi katika visiwa vya Komoro, hasa Nzwani, kwenye mitambo ya kukeneka mafuta ya langilangi. Ua la mlangilangi, ambalo watu wa Unguja na Pemba wanalijua vizuri, huchumwa asubuhi na kukenekwa kwa mvuke kwa saa nyingi mfululizo. Mafuta yanayotoka mwanzoni, mepesi na yenye harufu kali ya ua, huwekwa kando na kuitwa daraja la juu. Yanayofuata ni la kwanza, kisha la pili, na mwisho la tatu, zito zaidi na lenye harufu ya ubao na zeri. Lile la juu huenda kwenye manukato ya fahari, No. 5 ikiwa mojawapo ya kazi zinazotegemea langilangi. La tatu huenda kwenye sabuni na bidhaa za bei ndogo. Mkulima, mti, ua na chungu ni vile vile; kinachowatenganisha mnunuzi wa Paris na mnunuzi wa sabuni ni saa ambayo tone lilidondoka.

Karafuu ina hadithi inayokaribiana na hiyo. Kiwanda cha makonyo cha Wawi, Pemba, hukeneka mafuta kutoka kwenye vikonyo na majani ya mkarafuu, vitu ambavyo bila hivyo vingebaki takataka za mavuno. Zaidi ya robo tatu ya mafuta hayo ni eujeno, molekuli inayompa mtungaji harufu ya ua la mkarnesheni na ukali wa viungo, na ambayo kwa miongo kadhaa ilikuwa malighafi ya kutengenezea vanilini viwandani. Kwa hiyo jasho la mchumaji wa karafuu limekuwemo katika bidhaa nyingi za Ulaya ambazo jina la Pemba halikuandikwa popote juu yake. Ni haki lisemwe, hata kama halibadilishi bei ya boksi.

Kama malighafi hazitenganishi sana, pengo la bei linatoka wapi? Kwa sehemu linatoka kwenye malighafi kweli: kilo moja ya mafuta ya waridi hudai takriban tani 4 za petali, na mizizi ya airisi hungojewa kwa miaka kabla ya kukenekwa. Chupa ya duka la nguo haiwezi kubeba vitu hivyo ila kwa chembe. Lakini sehemu kubwa ya bei ya chupa ya fahari inalipa vitu visivyonukia: mwigizaji maarufu anayetokea kwenye tangazo, kioo kizito, faida ya duka kubwa lililoiuza, na malipo anayopewa mwenye jina na kampuni iliyopata leseni ya kulitumia. Zara inajulikana kwa kutumia fedha kidogo sana kwenye matangazo, na inauza katika maduka yake yenyewe, kwa hiyo hakuna wa kati wa kulipwa. Mteja ameshaingia dukani kwa sababu ya suruali. Chupa inayosubiri kando ya foleni ya malipo haihitaji kumtafuta.

Jaribio lililoonyesha jambo hili waziwazi lilifanyika Novemba 2019. Zara ilimwomba Jo Malone, Mwingereza aliyeijenga kampuni ya manukato yenye jina lake, akaiuza kwa Estée Lauder mwaka 1999, akaondoka mwaka 2006, kisha akaanzisha Jo Loves mwaka 2011, atunge safu ya harufu kwa ajili yake. Zilitoka nane, kati yake Vetiver Pamplemousse, Waterlily Tea Dress, Ebony Wood, Fleur de Patchouli na Amalfi Sunray. Mkono ule ule uliokuwa ukiuza chupa kwa zaidi ya pauni 100 ulipatikana kwa sehemu ndogo ya fedha hiyo. Kilichopendeza zaidi katika kazi ile ni kwamba haikujaribu kuiga utajiri. Vetiver Pamplemousse imesimama juu ya balungi na mzizi wa vetiva, vitu viwili vinavyosemezana, bila kujifanya ni kumi. Mtungaji mwenye fedha kidogo anayechagua mambo machache na kuyatamka vizuri hufaulu kuliko yule anayejaza fomula kwa vivuli vya vitu asivyoweza kuvinunua.

Kwa bahati mbaya, si chupa zote za duka la nguo zinafuata njia hiyo. Nyingi huzaliwa kutokana na harufu iliyokwisha kufanikiwa kwingine. Red Temptation ya Zara, kwa mfano, wapenzi wengi wa manukato huilinganisha na Baccarat Rouge 540 ya Francis Kurkdjian, iliyotoka mwaka 2015 na inayouzwa kwa bei mara nyingi zaidi ya hiyo. Kufanana kwa namna hii kunawezekana kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya kitaalamu: mashine ya kromatografia ya gesi huchambua kimiminika na kuonyesha sehemu kubwa ya viungo vyake, ingawa mafuta ya asili yenye mamia ya molekuli huifanya kazi hiyo kuwa ngumu. Ya pili ni ya kisheria. Juni 2006 Mahakama ya Juu ya Rufaa ya Ufaransa iliamua kwamba harufu ya manukato ni zao la ufundi tu na hailindwi na hakimiliki, wakati mwezi huo huo mahakama kuu ya Uholanzi iliamua kinyume chake. Mwaka 2009 Mahakama ya Haki ya Ulaya, katika kesi ya L'Oréal dhidi ya Bellure, ilizuia jambo jingine: mwuzaji kutoa orodha inayosema chupa yake hii inanukia kama ile ya jina fulani kubwa. Matokeo yake ni hali ya ajabu kidogo, ambapo kukaribia harufu ya mwingine mara nyingi hakuadhibiwi, lakini kutaja jina lake ili kujiuza kunaweza kumfikisha mtu mahakamani. Kinachopotea katika mchezo huu ni ujasiri. Mtungaji anayelipwa kufuata nyayo hapewi nafasi ya kumshangaza mtu yeyote, na mlaji wa kipato cha kawaida anastahili kushangazwa kama wengine.

Lawama inayotolewa mara nyingi zaidi dhidi ya manukato haya ni kwamba hayadumu mwilini. Lawama hiyo ina ukweli, lakini si wote. Molekuli ndogo nyepesi za limau, chungwa na mnanaa huruka kwanza, maua hufuata, miski, vanilini na mbao hubaki mwisho. Kwenye joto la Mombasa au Dar es Salaam safari hiyo huenda haraka kuliko Madrid, na harufu iliyotungwa kuwa nyepesi haiwezi kufanywa nzito na hali ya hewa. Mchanganyiko ukiwa kidogo ndani ya alkoholi, mwisho hufika mapema zaidi. Hata hivyo pua nayo ina hila zake. Utafiti wa Linda Buck na Richard Axel, uliochapishwa mwaka 1991 na kuwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2004, ulifichua familia kubwa ya vipokezi vya harufu; binadamu ana aina takriban 400 zinazofanya kazi. Vipokezi hivyo na ubongo huzoea upesi harufu isiyobadilika. Anayejipulizia husema baada ya saa moja kwamba manukato yamekwisha, ilhali mwenzake aliyeingia chumbani sasa hivi anayasikia vizuri. Isitoshe, molekuli za miski ni kubwa, na wapo watu ambao pua zao hazisikii kabisa baadhi yake. Hukumu ya kudumu kwa harufu haifai kutolewa na mwenye kuivaa peke yake. Kujipulizia kwenye nguo badala ya ngozi husaidia, maana kitambaa hakina joto la mwili, lakini kwa hariri na nguo nyeupe inafaa kujaribu pembeni kwanza kwa sababu baadhi ya mchanganyiko huacha doa.

Upungufu mwingine ni wa muda wa maandalizi. Mchanganyiko ukishatiwa katika alkoholi huachwa ukomae kwenye mapipa kabla ya kupoozwa na kuchujwa, na mtungaji wa chupa ya fahari anaweza kupewa nafasi ya kurudia fomula yake mamia ya mara. Biashara ya nguo huenda kwa misimu, na msimu haungoji. Mara nyingi hilo husikika katika namna harufu inavyobadilika kutoka mwanzo hadi mwisho: dakika za mwanzo, ambazo ndizo mnunuzi anazozisikia akiwa dukani, zimeshughulikiwa vizuri, kisha kinachobaki kwenye kiganja jioni ni miski na sukari ambavyo vingeweza kutoka chupa yoyote. Dawa yake ni rahisi na haina gharama. Anayetaka kununua ajipulizie, atoke, arudi baada ya saa tatu au nne.

Usalama hauhitaji maneno mengi. Viwango vya chama cha kimataifa cha watengenezaji wa manukato, IFRA, kilichoundwa mwaka 1973, havibagui chupa ya bei kubwa na ya bei ndogo, na katika Umoja wa Ulaya sheria inadai vizio vilivyotajwa viandikwe kwenye kifungashio. Molekuli ya Lilial, iliyotumika kwa miaka mingi kutoa harufu ya maua meupe, ilipigwa marufuku huko Machi 2022, na kampuni za daraja zote zikalazimika kuandika upya fomula zao. Mwenye ngozi inayowasha asome boksi la chupa ya euro 15 kama anavyosoma la euro 150.

Udhaifu mzito zaidi wa manukato haya ni kwamba yanatoweka dukani. Fasheni huondoa shati la mwaka jana ili kupisha la mwaka huu, na hakuna anayelia. Shati hilo lilikuwa limeshachakaa. Harufu haichakai kwa namna hiyo. Njia ya harufu ndani ya ubongo hupita karibu sana na sehemu zinazoshughulika na hisia na kumbukumbu, na mtu aliyeitumia harufu moja kwa miaka mitano amekwisha kuifunga na kazi yake ya kwanza, na uchumba wake, na sauti za nyumba aliyoishi. Anaporudi dukani na kuambiwa kwamba haitengenezwi tena, hana mahali pengine pa kuitafuta isipokuwa kwa wauzaji wa mitandaoni wenye chupa za zamani, wanaojua kupandisha bei. Kampuni inayotaka kuheshimiwa kwa manukato yake ingefanya vyema kuchagua harufu chache na kuziacha zikae, kama Chanel ilivyoiacha No. 5, hata kama rafu za nguo zinazozizunguka zinageuka kila mwezi.

Kwa kazi kubwa za zamani kuna kimbilio. Huko Versailles, Osmothèque, iliyoanzishwa mwaka 1990, huhifadhi maelfu ya manukato, pamoja na yaliyokwisha kuondoka sokoni kama Chypre ya Coty, yakiwekwa katika nyuzi 12 za sentigredi chini ya gesi ya agoni inayozuia oksijeni isiyaguse. Mwenye chupa ya duka la nguo anayoipenda hana mtambo huo, lakini maadui ni wale wale: mwanga, joto na hewa. Chupa ikae kwenye boksi lake ndani ya kabati lenye giza, mbali na dirisha na mbali na bafu lenye mvuke, kifuniko kikiwa kimebanwa. Zitakazoharibika kwanza ni harufu za jamii ya machungwa, ambazo hugeuka kuwa na ukali wa mafuta yaliyochacha. Zenye vanilini hubadilika rangi taratibu na kuwa kahawia, lakini rangi hiyo peke yake haimaanishi kwamba harufu imekufa.